Intaneti ya setilaiti za chini: maswali ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini huniuliza mara kwa mara

Kazi yangu ni kufunga mitandao: shuleni, kwenye zahanati, kwenye AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa, kwenye nyumba za wageni. Nimezunguka kuanzia Mbozi hadi Mufindi, na kila nikishuka kwenye bodaboda na begi langu la nyaya, swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, hili dishi jipya la angani kweli linafanya kazi huku kwetu?" Huku kwetu maana yake ni Bulongwa, Matamba, vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone. Mnara uko ng'ambo ya mlima, na kijiji kizima kina jiwe moja tu ambalo ukisimama juu yake simu inashika.

Majibu haya nimeyaandika ili mtu ayasome kabla hajatoa hela. Nimeona familia zikiuza magunia ya viazi kununua kifaa ambacho hakikuwafaa, na nimeona shule iliyobadilika kabisa baada ya kukipata. Tofauti haikuwa bahati.

Setilaiti za chini ni zipi, na zina tofauti gani na ile ya dishi la televisheni?

Setilaiti ya televisheni, ile ambayo dishi la king'amuzi chako linaitazama mwaka mzima bila kutikisika, iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo inaizunguka dunia mara moja kwa siku, sawa na dunia inavyojizungusha yenyewe, kwa hiyo kutoka hapa chini inaonekana imetulia mahali pamoja. Fundi akishaipata, anakaza bolti na kwenda zake.

Setilaiti za chini ziko kati ya kilomita 160 na 2,000 hivi. Nyingi za Starlink, mtandao mkubwa kuliko yote wa aina hii, zimekuwa zikipita kwenye kilomita 550 hivi: ichukue barabara ya Iringa hadi Dar es Salaam, isimamishe wima, ongeza kidogo, umefika. Kwa kuwa ziko karibu, lazima zikimbie ili zisianguke. Mwendo wake ni kilomita 7.6 hivi kwa sekunde, yaani unatoka Mwanjelwa na kufika Uyole kabla hujamaliza kuhesabu moja. Dunia nzima zinaizunguka kwa dakika 95 au karibu na hapo. Hazitulii juu ya kijiji chako hata kidogo, na hilo ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Kwa nini umbali uwe jambo kubwa? Si spidi ndiyo tunayoitaka?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu matangazo yote ni ya spidi. Kuna vitu viwili. Kimoja ni ukubwa wa bomba, yaani maji mangapi yanapita kwa sekunde. Kingine ni muda ambao tone la kwanza linachukua kukufikia. Setilaiti za juu zinaweza kuwa na bomba kubwa tu, lakini tone la kwanza linachelewa.

Piga hesabu mwenyewe. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ombi lako likipanda hadi setilaiti ya juu na kushuka kwenye kituo cha ardhini kinachoiunganisha setilaiti na intaneti, kisha jibu likarudi kwa njia ile ile, limetembea zaidi ya kilomita 143,000. Hiyo ni karibu nusu sekunde ya safari peke yake. Kwa setilaiti ya kilomita 550, safari hiyo hiyo ni kilomita 2,200 hivi ikiwa juu ya utosi: milisekunde 7 au 8 (milisekunde ni sekunde moja igawanywe mara elfu). Ukiongeza foleni za njiani na kazi ya mashine, mtumiaji kwa kawaida hupata milisekunde 25 hadi 60, na zaidi ya hapo kama kituo cha ardhini kiko mbali katika nchi nyingine.

Nusu sekunde si kitu kwa anayepakua faili. Lakini nilishawahi kukaa kwenye zahanati moja iliyotumia dishi la aina ya zamani, nikamwangalia muuguzi akiongea na daktari kwa video kuhusu mama mjamzito aliyekuwa amevimba miguu. Muuguzi alisema, "Presha yake iko…", daktari naye hapo hapo akauliza, "Presha ikoje?", wote wakanyamaza, wote wakaanza tena pamoja. Ikawa hivyo dakika nzima. Mwishowe muuguzi akaandika namba kwenye karatasi na kuishika mbele ya kamera. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo. Tangu siku ile sijawahi kuona ucheleweshaji kama jambo dogo.

Mbona zinahitajika maelfu?

Kwa sababu kila moja inaonekana angani kwako dakika chache tu, kisha inazama nyuma ya upeo. Kabla haijazama, nyingine inatakiwa iwe imeshafika. Dishi lako nalo halizungushwi na mota kuzifukuza. Ndani ya ule ubao mweupe mna antena ndogo ndogo zaidi ya elfu moja, na kwa kuchelewesha mawimbi ya kila moja kwa kiasi tofauti, dishi linaelekeza mwali wake linapotaka bila kusogea. Mfumo unapanga upya nani ahudumiwe na setilaiti ipi kila baada ya sekunde chache. Wewe unaendelea kuongea na shangazi yako Dar es Salaam bila kujua kwamba umeshapokezanwa mara kadhaa.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa nyuzi 8 na 9 kusini mwa ikweta. Njia za setilaiti nyingi za Starlink zimeinama nyuzi 53, kwa hiyo zinasongamana zaidi kwenye latitudo za Ulaya na kusini mwa Kanada kuliko karibu na ikweta. Tena setilaiti za chini haziruhusiwi kuingilia mawimbi ya zile za juu, na mkanda wa zile za juu unapita karibu na utosi wetu. Sehemu hiyo ya anga dishi linaiacha. Kwa hiyo programu ya dishi kwenye simu ikikuambia uliinamishe dishi upande fulani badala ya kulilaza likitazama juu kabisa, itii. Haijakosea.

Ni Starlink tu, au kuna wengine?

Starlink ya kampuni ya SpaceX ndiyo kubwa kuliko zote. Kundi lake la kwanza la setilaiti 60 lilirushwa Mei 2019, na leo ina maelfu zinazofanya kazi. Lakini wazo ni la zamani. Iridium ilianza huduma ya simu za setilaiti Novemba 1998 kwa setilaiti 66 zilizo kilomita 780 juu, ikafilisika Agosti 1999 kwa sababu simu zilikuwa ghali na wateja wachache, kisha ikafufuliwa na ipo mpaka sasa. OneWeb iko juu zaidi, kilomita 1,200, ina setilaiti zaidi ya 600. Nayo ilifilisika Machi 2020, ikaokolewa na serikali ya Uingereza pamoja na Bharti ya India, na mwaka 2023 ikaungana na Eutelsat. Hiyo huuza zaidi kwa kampuni za simu na taasisi kuliko kwa mtu wa nyumbani. Amazon ilirusha setilaiti zake 27 za kwanza za huduma Aprili 2025. Wachina nao wana makundi yao yanayojengwa.

Hizo habari za kufilisika sizisemi kukutisha. Ni biashara ngumu, na dishi la kampuni moja haliwezi kuongea na setilaiti za kampuni nyingine. Kampuni ikifa, dishi linabaki kuwa kifuniko cha pipa.

Je, kifaa nikinunue mpakani, Tunduma au Kasumulu? Ng'ambo vinauzwa waziwazi.

Ni kweli kwamba Malawi huduma ya Starlink ilianza Julai 2023 na Zambia Oktoba mwaka huo huo, na Msumbiji ilikuwa imetangulia Juni. Lakini kibali cha Zambia ni cha Zambia. Hapa kwetu, anayetoa huduma ya mawasiliano lazima awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na vifaa vyenyewe vinatakiwa viwe vimethibitishwa. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza TCRA kama kampuni unayoitaka ina leseni ya kutoa huduma hiyo nchini. Wana ofisi ya kanda Mbeya, na kuuliza ni bure.

Najua majibu ninayopewa nikisema hivi: "Fundi, mbona jirani analo na linapiga kazi?" Nikueleze yaliyompata mfanyabiashara mmoja wa kahawa upande wa Mbozi. Alinunua dishi ng'ambo, likasajiliwa kwa jina la rafiki yake wa kule. Likafanya kazi vizuri wiki kadhaa. Asubuhi moja katikati ya msimu, mizani iko tayari na wakulima wamepanga foleni na magunia, skrini ikamwandikia kwamba huduma haipatikani mahali alipo. Dishi linajua liko wapi kwa GPS, huwezi kulidanganya kwa kulifunika turubai. Hakuwa na pa kulalamika: mkataba si wake, nchi si yake, kifaa hakina risiti ya hapa. Mimi siwafungii watu vifaa vya aina hiyo, na sitaki nieleweke vibaya: nakataa kwa sababu ya yule mzee niliyemwona amekaa juu ya gunia akisubiri malipo ambayo hayakuja siku ile.

Tuko bondeni, milima pande zote. Itashika?

Mara nyingi ndiyo, na hapa ndipo teknolojia hii inapotufaa watu wa milimani kuliko watu wa tambarare. Mnara wa simu unahitaji kukuona kutoka pembeni, na mlima ukiwa katikati mambo yamekwisha. Setilaiti inakuona kutoka juu. Dishi linahitaji anga wazi kama bakuli kubwa, nyuzi 100 hadi 110 kwa upana. Mlima ulio mbali, ambao ukiutazama shingo yako haiinuki sana, haukuzibii kitu.

Adui mkubwa ni mti. Shule moja ya Makete walinipigia wakisema intaneti "inakata kata kama mtu mwenye kwikwi". Nilipofika nikakuta dishi limefungwa vizuri juu ya paa la darasa la tano, lakini mti wa mwati ulikuwa umetupa tawi moja upande wa kusini. Tawi moja tu, unene wa mkono. Kila setilaiti ilipopita nyuma ya tawi lile, mtandao ulikatika sekunde mbili au tatu. Anayesoma ukurasa hajui, lakini mwalimu aliyekuwa kwenye mafunzo kwa video alikuwa anatolewa nje kila mara. Mlinzi akapanda na panga, na kabla chai haijaiva tatizo likawa limekwisha. Kwa mashamba ya misindano kule Mufindi hesabu ni nyingine: miti hiyo inakua kila mwaka, kwa hiyo nguzo inayotosha leo inaweza isitoshe baada ya miaka mitatu.

Na tafadhali, msifunge dishi kwenye mwanzi. Iringa na Njombe mianzi ni mingi na inavutia kwa urefu, lakini upepo wa Agosti unaitikisa usiku kucha. Tumia bomba la chuma, lijengee kwenye zege.

Mvua za Tukuyu je?

Mvua kubwa inakata, ndiyo. Mawimbi ya dishi hizi yana urefu wa sentimita 2 hadi 3, na matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Rungwe inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka sehemu nyingi, kwa hiyo kati ya Machi na Mei tegemea dakika kadhaa za kukatika wingu zito linapopita. Ukungu wa kawaida na mawingu ya juu hayasumbui. Manyunyu nayo hayasumbui.

Radi ndiyo ninayoiogopa. Dishi haliiti radi, lakini waya wake unaiingiza ndani ya nyumba. Nguzo iwe na waya wa arthi ulioshuka moja kwa moja hadi kwenye fimbo ya shaba ardhini, si uliofungwa kwenye bati. Ukisikia ngurumo zinakaribia, chomoa.

Walio Kitulo na kwingineko kwenye sakitu: baadhi ya madishi yana kipengele cha kuyeyusha theluji ambacho huwaka chenyewe. Huku theluji hatuna, lakini dishi likiamua kujipasha moto asubuhi ya baridi, umeme unaliwa bure. Ingia kwenye programu ukizime.

Linakula umeme kiasi gani? Sisi ni wa sola.

Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 100 muda wote linapowaka, hata kama hakuna anayetumia intaneti. Lile dogo la kubebeka hula wati 25 hadi 40. Weka hili akilini kabla ya bei ya dishi lenyewe, maana nimeona watu waliomaliza hela kwenye dishi wakabaki na betri moja ya pikipiki.

Chukua wati 75. Ukiliwasha saa 12 kwa siku ni wati-saa 900. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200 kwenye karatasi, lakini ya risasi ukiitoa zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo unayo 600 tu ya kutumia. Utahitaji mbili, au moja ya lithiamu. Paneli: jua la kweli hapa ni saa nne hadi tano kwa siku, na msimu wa mvua ni pungufu, kwa hiyo usishuke chini ya wati 300, na Rungwe ningeweka 400. Kwa dishi dogo lenye wati 30 kwa saa 10, betri moja nzuri na paneli ya wati 150 zinatosha. Kama dishi lako linapokea umeme wa betri moja kwa moja, usipitishe kwenye inveta. Inveta nayo inakula.

Jambo rahisi kuliko yote ni kulizima usiku. Shule nyingi haziwazi hilo.

Mimi niko Mbeya mjini, nilinunue?

Hapana. Kama faiba inafika mtaani kwako, au mtandao wa simu wa 4G unashika vizuri, chukua huo. Ni nafuu, hauna dishi la kuibiwa, na hautasongamana kwa namna ile ile. Setilaiti moja inagawa uwezo wake kwa watu wote walio kwenye eneo moja, kwa hiyo miji ndiko inakojaa kwanza. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, wakati vijijini Kenya watu waliendelea kuunganishwa. Anga ya Makete ina nafasi kuliko anga ya mjini.

Basi ni ya nani hasa?

Ya mahali ambapo watu wengi wanaweza kugawana dishi moja. Hilo ndilo ninalolisema kila ninapokwenda. Mtu mmoja kijijini kulipia dishi peke yake kila mwezi ni mzigo, lakini shule, zahanati na AMCOS zilizo ndani ya kata moja zinaweza kuchangia dishi moja na kila mmoja akapata cha kutosha.

Tuseme mnapata megabiti 100 kwa sekunde, ingawa inapanda na kushuka. Video ya ubora wa kawaida kwenye simu hula megabiti 1 hadi 2. Simu ya sauti ya WhatsApp haifiki hata moja. Kwa hiyo watu 30 hadi 40 kwa wakati mmoja wanaweza kufanya kazi zao. Kinachoharibu ni simu zinazojipakulia programu mpya zenyewe mara tu zikionana na waifai. Kwenye AMCOS moja tuligundua kwamba siku ya malipo, wanachama zaidi ya 40 wakiwa uani na simu mfukoni, karani hakuweza kufungua mfumo wa mauzo. Tulitenga njia mbili ndani ya ruta, moja ya ofisi na moja ya wageni yenye kikomo. Kazi ya nusu saa. Kila dishi la jumuiya lifanyiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Waifai ya kawaida inafika mita 30 hadi 50 tu. Kama zahanati iko kilima cha pili na inaonekana kwa macho kutoka shuleni, kuna redio ndogo za jozi, moja huku nyingine kule, zinazorusha intaneti kilomita kadhaa bila waya. Zinakula wati chache sana. Huku kwenye vilima vinavyotazamana zinafanya kazi kwa namna inayonifurahisha kila nikizifunga.

Kabla hamjachanga, mwulizeni mtendaji wa kata kama kuna mnara unaokuja. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini. Kama wenu uko njiani, subirini. Na mkitaka kuwauzia wengine bando, hiyo ni biashara ya mawasiliano: ulizeni TCRA kwanza.

Nikiwa na dishi, M-Pesa itafanya kazi?

Si kwa njia uliyoizoea, na hili linawashangaza wengi. *150*00# haipiti kwenye intaneti. Inapita kwenye mtandao wa simu. Mahali pasipo na mnara, hata uwe na intaneti ya kasi namna gani, menyu ile haitafunguka, SMS za kawaida hazitaingia, na namba za siri ambazo benki hukutumia kwa SMS hazitafika. WhatsApp itafanya kazi, barua pepe itafanya kazi. Programu za pesa kwenye simu janja nyingine zinafanya kazi, lakini nyingi zinataka uhakiki kwa SMS mara ya kwanza, kwa hiyo zisajili ukiwa mjini kabla hujapanda mlimani. Wenye maduka ya uwakala, msihesabu dishi kama mtaji wa uwakala.

Nimesikia simu ya kawaida itaongea na setilaiti moja kwa moja. Ni kweli?

Kweli, na mimi ndiyo naingojea. Aprili 2023 kampuni ya AST SpaceMobile ilipigisha simu ya sauti kwa simu ya kawaida isiyobadilishwa chochote kupitia setilaiti yake ya majaribio, yenye antena ya mita za mraba 64. Ukubwa huo unahitajika kwa sababu simu yako ina nguvu ndogo na sikio dogo, kwa hiyo setilaiti ndiyo inayolazimika kuwa na sikio kubwa. Marekani, T-Mobile ilifungua huduma ya namna hiyo kwa setilaiti za Starlink Julai 2025, ikianza na ujumbe mfupi.

Usitarajie kuangalia mpira. Njia ni nyembamba, na unatakiwa uwe nje penye anga wazi. Lakini fikiria mvuvi wa Lupingu ambaye mashua yake imeshikwa na upepo wa ziwani usiku. Ujumbe mmoja wa maneno matano unamtosha.

Mkongo wa baharini ukikatika, setilaiti zinatuokoa?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Hata Mkongo wa Taifa, unaopita Iringa na Mbeya kwenda mipaka ya Zambia na Malawi, hauwezi kukupeleka duniani kama mlango wa baharini umefungwa.

Setilaiti zinasaidia kwa masharti. Data yako lazima ishuke ardhini mahali fulani, na kama kituo hicho kinategemea waya ule ule uliokatika, hamjapona. Setilaiti mpya zina miale ya leza inayozirushia data moja kwa nyingine, kwa hiyo zinaweza kuishusha bara jingine kabisa. Hiyo ndiyo kinga ya kweli. Lakini Julai 24, 2025 Starlink yenyewe ilizimika karibu dunia nzima kwa muda wa saa mbili na nusu kwa hitilafu ya programu za ndani. Kwa zahanati nasema hivi: dishi liwe njia ya kwanza au ya pili, lisiwe ya pekee. Redio ya kuita gari la wagonjwa msiitupe.

Ule mstari wa taa tuliouona Kitulo ulikuwa nini?

Setilaiti zilizorushwa karibuni. Siku za kwanza zinafuatana kwa safu kabla hazijapanda na kutawanyika, na jua likiwa limezama kwetu lakini bado linazimulika huko juu, zinang'aa kama shanga zinazovutwa kwenye uzi. Si ishara ya vita, kama mama mmoja wa Matamba alivyoniuliza kwa hofu. Ila nakiri inaniuma kidogo. Anga ya Kitulo usiku ni urithi, na wanaastronomia duniani wanalalamika kwamba michirizi ya setilaiti inaharibu picha za darubini zao. Kampuni zimejaribu kuzipunguzia mng'ao, na bado hazijamaliza tatizo.

Zitatuangukia?

Zile za kilomita 550 zikifa, hewa nyembamba iliyobaki huko juu inazivuta, na ndani ya miaka mitano hivi zinashuka na kuungua angani. Februari 2022 dhoruba ya jua ilivimbisha hewa hiyo kiasi kwamba setilaiti karibu 40 kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa siku moja kabla zilianguka na kuteketea. Za kilomita 1,200 ni hadithi nyingine: zikifia kule zitakaa mamia ya miaka. Hofu ya wataalamu ni kugongana. Februari 10, 2009, setilaiti ya Iridium na setilaiti ya Urusi iliyokuwa imeshakufa ziligongana juu ya Siberia na kumwaga maelfu ya vipande.

Likiharibika, nani atalitengeneza?

Dishi lenyewe likifa ndani, hakuna fundi wa hapa atakayelifungua likapona, linabadilishwa. Lakini mara nyingi si dishi. Kati ya matatizo niliyoitiwa mwaka huu, karibu yote yalikuwa waya, umeme, au mti. Wiki iliyopita nilikwenda Kilolo, saa tatu juu ya pikipiki kwenye utelezi, mwalimu mkuu ameshaandika barua ya kuomba fedha za dishi jipya. Nikafuata waya kwa kidole kutoka kwenye ruta, nyuma ya kabati, juu ya dari. Pale penye mahindi ya chakula cha wanafunzi, panya alikuwa ametafuna ganda lote la waya kama sentimita kumi, shaba ikiwa nje inang'aa. Sasa kila ninapofunga, waya wa ndani naupitisha kwenye bomba la plastiki, na naacha waya mwingine wa akiba umefungwa kwenye mfuko, juu ya kabati la mwalimu mkuu.